Ukuta Hauchanui

Muswada wa kijitabu cha mafundi wa nyumba za mawe umenirudia wiki iliyopita kutoka kwa kamati inayousahihisha. Kila nilipoandika munyu pamekatwa kwa wino mwekundu, juu yake pakaandikwa "mchanuo wa ukuta". Sababu iliyotiwa pembeni ni fupi: "neno la lahaja". Siwezi kulinyamazia.

Ugonjwa wenyewe kila aliyeishi pwani anaujua: ule unga mweupe unaotokeza kwenye lipu ya ndani, ukaivimbisha rangi mpaka ikabanduka. Waliochagua mchanuo wamefuata Kilatini, ambamo jina la hali hii limezaliwa na neno la ua. Wajerumani nao huiita kuchanua. Lakini Wafaransa, warithi wa Kilatini hicho hicho, wakisimama mbele ya ukuta wa ghala husema salpêtre, yaani chumvi ya mwamba. Basi huko huko Ulaya ua halikuwaridhisha wote, na sisi ndio tumelikimbilia.

Kitenzi tunacho. Chuma huota kutu, mkate huota ukungu, nguo zilizokaa sandukuni huota koga. Ukuta huota munyu. Mmea umo tayari ndani ya kuota, ua la kuazima linatafuta nini?

Na hiyo "lahaja"? Munyu ni chumvi kwa watu wa Lamu. Waganda husema omunnyo, Wanyarwanda na Warundi umunyu, Washona wa Zimbabwe munyu. Neno lililotapakaa kutoka Ziwa Victoria hadi kusini ya mto Zambezi linafukuzwaje kama mgeni? Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na chumvi ikakaa kitini. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ila kuchagua msingi si kuzifunga ghala nyingine, na wanakamati wa leo wanaozifunga hawajaingia humo kuangalia kilichomo. Tena pana faida: chumvi ibaki ya chungu, munyu uwe wa ukuta, kwa sababu ukutani haimo ile ya jikoni peke yake. Zimo salfeti za saruji, zimo naitreti za udongo uliokaa na vyoo na mazizi.

Yuko pia mwenzangu anayetetea "ukungu wa chumvi". Hili naliona baya kuliko mchanuo. Ukungu una uhai, munyu ni fuwele. Katika chumba cha chini cha nyumba moja ya Mkomani, Lamu, nilimtazama mwashi mzee akikwangua ukuta kwa ncha ya mwiko. Aliuweka unga kiganjani, akaudondoshea tone la maji, ukayeyuka wote. "Huu ni munyu, maalim, si koga." Koga ingebaki pale pale. Mwenye nyumba alikwisha kupaka dawa ya fangasi mara mbili, fedha iliyopotea kwa sababu ya jina.

Jiwe la matumbawe huja na chumvi yake kutoka baharini, na mchanga wa ufukweni vivyo hivyo. Maji hupanda kutoka msingini, huiyeyusha, hufika usoni mwa ukuta yakakauka, munyu ukabaki. Lipu ya saruji ikiyazuia, fuwele hukua nyuma yake na kuisukuma mpaka idondoke. Tena chumvi ya kawaida hunywa maji ya hewani pindi unyevu wa hewa upitapo asilimia 75, ndiyo maana masika ukuta hulowa na hakuna bomba linalovuja.

Kijitabuni neno linatumika hivi: munyu hupigwa brashi kavu, hauoshwi, maana maji huurudisha ndani, chanzo cha maji kitafutwe kwanza, kisha lipu ya chokaa irudi mahali pa saruji.

Juzi nilimpigia simu mwashi yule, nikamsomea ukurasa uliosahihishwa. Alinyamaza kidogo, akaniuliza chanuo la nywele linaingiaje ukutani. Muswada nimeurudisha, na munyu nimeuandika upya kila ulipokatwa, mara kumi na nne.