Kutoka Uwanja wa Mao hadi Mabwawa ya Pemba

Mtoto anayekulia Jang'ombe, upande wa Ng'ambo katika mji wa Zanzibar, huijua China kabla hajaiona kwenye ramani. Akiumwa hupelekwa Hospitali ya Mnazi Mmoja, na huko huenda akapokewa na daktari wa Kichina. Akipenda mpira, atawafuata Taifa ya Jang'ombe au Jang'ombe Boys hadi Amaan, uwanja uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970. Timu zote mbili za mtaa huu zilicheza Kombe la Mapinduzi la 2017. Kikwajuni nako kuna uwanja wenye jina la Mao Tse-tung. Wenyeji huuita Mao, basi, na wengi wao hawana habari kwamba wanamtaja mtu.

Uhusiano huu una umri wa uhuru wenyewe. Zanzibar ilijitawala tarehe 10 Disemba 1963, na siku ya pili yake China ikafungua nayo uhusiano wa kibalozi. Mwezi mmoja baadaye yakaja Mapinduzi, na tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Muungano ulibadilisha mambo kwa namna ambayo wageni wengi hawaioni haraka: mambo ya nje yakawa ya Muungano, lakini afya ikabaki mikononi mwa Serikali ya Zanzibar. Kwa hiyo Zanzibar haina mabalozi wake, ila ina hospitali zake, na hospitali ndizo zilizokuwa mlango. Kikosi cha kwanza cha madaktari wa Kichina kilifika Unguja mwaka huo huo wa 1964, na tangu hapo vikosi vimekuwa vikipokezana kutoka jimbo moja tu, Jiangsu. Wale wa Tanzania Bara walianza 1968, nao hutoka Shandong. Visiwa vimefungamana na jimbo, si na Beijing pekee. Mpango huo unafaa, maana jimbo lina hospitali, vyuo na maabara ambazo daktari akirudi kwao anaweza kuziuliza jambo.

Siasa za juu zilikwenda na njia yao. Mwalimu Nyerere alizuru China Februari 1965, na Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, akaja Dar es Salaam Juni mwaka huo. Hapo ndipo mizizi ya reli ya TAZARA ilipo: kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, zilizojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba. Tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa uliirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake, na katika juhudi hizo Balozi wa Tanzania, Salim Ahmed Salim, mtoto wa Zanzibar, alikuwa mstari wa mbele. Mwaka 2019 China ilimtunuku Nishani ya Urafiki. Mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan, Mzanzibari mwengine, alikwenda Beijing mwezi wa Novemba, na nchi mbili zikaupandisha daraja uhusiano wao kuwa ushirikiano wa kimkakati wa pande zote.

Katika miongo hiyo elimu ilikuwa ikienda upande mmoja. Mchina alileta ujuzi, sisi tukaleta mikono na shukrani. Taasisi za utafiti na sera, yaani zile zinazokusanya wasomi ili kuishauri serikali na kutafakari mambo ambayo waziri hana nafasi ya kuyatafakari, zilichelewa kuingia. Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang, kilichoko mji wa Jinhua, kilianzisha taasisi ya masomo ya Afrika mwaka 2007. Mwaka 2011 chuo hicho kikaanzisha jukwaa la taasisi za fikra za China na Afrika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeunda kituo cha masomo ya China, na tarehe 8 Machi 2024 mkutano wa 13 wa jukwaa hilo ulifanyika Dar es Salaam na kutoa tamko lililoitwa Mwafaka wa Dar es Salaam. Tamko linatetea haki ya kila nchi kuchagua njia yake ya maendeleo, na linadai taasisi za fedha za dunia zirekebishwe.

Nayakubali yote hayo. Lakini tamko ambalo kila mtu anaweza kulitia saini bila kuumia halijamgusa bado mtu wa Jang'ombe, na kwa macho yangu ushirikiano bora wa utafiti kati ya nchi hizi haukuzaliwa ukumbini. Ulizaliwa kwenye mabwawa ya Pemba.

Mabwawa hayo yana kichocho, maradhi ya mkojo wa damu. Yai la mnyoo hutoka na mkojo wa mgonjwa, likiingia majini huanguliwa, na kijidudu chake humwingia konokono mdogo. Humo hukua na kuzaana, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga au mama anayefua. Mgonjwa anaweza kutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, ila akirudi bwawani huambukizwa tena. Ndiyo maana kugawa dawa peke yake hakujawahi kutosha.

Jiangsu inaijua vita hii. Watu wa bonde la Mto Yangtze waliteswa na kichocho kwa vizazi, na kuanzia miaka ya 1950 China iliendesha kampeni kubwa ya kukitokomeza. Mwaka 2014 China, Zanzibar na Shirika la Afya Duniani zilitia saini makubaliano, na mwaka 2017 kazi ikaanza Pemba. Taasisi ya maradhi ya vimelea ya Jiangsu, yenye makao yake mjini Wuxi, ilifanya kazi na wataalamu wa Wizara ya Afya ya Zanzibar katika kisiwa ambacho tayari kilikuwa na maabara yake ya utafiti, ile ya Ivo de Carneri iliyoko Chake Chake.

Hapo ndipo utafiti ulipoanza kuwa wa kweli, kwa sababu maarifa ya China hayakuweza kuhamishwa kama mzigo. Kichocho cha Yangtze hukaa kwenye mishipa ya matumbo, chetu kwenye mishipa ya kibofu. Cha kwao huwapata ng'ombe na nyati pia, na kuwadhibiti wanyama ni nusu ya kazi. Cha kwetu kinamtegemea binadamu. Konokono wao huishi kwenye matope ya kingo, wetu huishi ndani ya maji yenyewe. Mgeni alilazimika kuuliza: bwawa lipi hukauka kiangazi, watoto huoga wapi wakitoka skuli, nani hufua wapi na siku gani. Majibu hayo hayako Wuxi. Yako kwa sheha anayeongoza mtaa, kwa mama wa kijiji cha Wingwi, kwa kijana anayeingia bwawani na chekecheke kuokota konokono mmoja mmoja na kuandika idadi yao daftarini.

Upande mmoja wa uhusiano huu bado unaniuma. Redio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na vyuo vya China vimekuwa vikifundisha lugha yetu kwa miongo mingi. Wako Wachina wanaoweza kukaa barazani Unguja wakazungumza kutwa. Wazanzibari wanaoweza kusoma ripoti ya Kichina kuhusu Zanzibar ni wachache sana, na utafiti uliofanywa katika shehia zetu huchapishwa kwa Kiingereza au Kichina, ukamrudia sheha kwa mdomo, kama unamrudia. Elimu ya juu ni suala la Muungano, lakini Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kipo, na taasisi yake ya Kiswahili na lugha za kigeni ina uzoefu mrefu wa kuwafundisha wageni. Natamani ianze pia kutusomesha Kichina cha kusomea ripoti. Wasomi wa nchi mbili watakapokutana tena, nitafurahi wakifungua kikao kwa daftari la konokono la Pemba, lisomwe kwa Kiswahili na aliyeliandika.