Uzamivu wa Uhandisi wa Kilimo na Nini?

Mtu akisema anasomea shahada ya uzamivu ya uhandisi wa kilimo na baiolojia, mmoja wa wasikilizaji huona trekta, mwingine huona maabara inayochezea jeni za mahindi. Wote wamepotea, na aliyewapoteza ni mfasiri.

Neno uzamivu lenyewe halina ugomvi. Mzamivu ni mpiga mbizi. Neno limeumbwa kama msikivu na mvumilivu. Anayeitafuta shahada hiyo huchagua mahali pamoja baharini, akashuka hadi chini, akaibuka na tasnifu. Nalipenda kuliko “udaktari wa falsafa”, unaomfanya jirani akuletee mtoto mwenye homa. (Ila uzamivu si kuzamia: kijana aliyejificha melini hadi Ulaya ni mzamiaji, na tasnifu ya kutetea hana.)

Ugomvi uko kwenye jina la taaluma. Wahandisi wa kilimo wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1907. Mwaka 2005 wakaingiza baiolojia katika jina lake, kwa kuwa kazi yao ilishavuka mipaka ya shamba ikafika kwenye usindikaji wa chakula, maji taka na nishati itokanayo na mabaki ya mazao. Idara za Illinois, Purdue na Florida nazo zina jina la sehemu mbili.

Ukilifasiri neno kwa neno unapata “uhandisi wa kilimo na baiolojia”, na sikio la Mswahili linasikia masomo mawili: uhandisi wa kilimo, halafu baiolojia kando. Tena uhandisi wetu hufuatwa na kitu kinachojengwa au kuendeshwa, kama barabara, umeme, maji. Baiolojia ni elimu, nani ataijenga?

Ili kuiona kazi yenyewe, chukua mahindi. Huweza kuvunwa yakiwa na unyevu wa asilimia 20 na zaidi, ilhali kihenge kinataka kama 13 hivi. Punje iliyopukuchuliwa bado i hai: inapumua, inatoa joto na mvuke. Lundo likipata joto katikati, kuvu huota, na kuvu wengine huacha sumukuvu (istilahi iliyoundwa vizuri hasa, haihitaji maelezo). Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Basi mzamivu wetu anauliza: hewa ipite kati ya punje kwa kasi gani, ikiwa na joto kiasi gani, ili nafaka ikauke kabla kuvu hawajaota, na mbegu isife? Anaandika milinganyo ya joto na mvuke, anaunda kikaushio kidogo, anapima, hesabu inakataa, anapima tena. Miaka inakwenda hivyo. Jeni hazijaguswa.

Kihenge chenye punje zinazopumua ni mfumo hai. Kwa hiyo napendekeza “uhandisi wa kilimo na mifumo hai”. Wapo watakaopenda “uhandisi wa kilimo na wa viumbe hai”. Sarufi yake ni safi, lakini inamrudisha yule mtu wa jeni mlangoni. Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Jomo Kenyatta, Juja, vimekuwa na idara zinazotaja mifumo ya kibiolojia, japo kwa Kiingereza.

Anayeandika ikisiri yake kwa Kiswahili na ajaribu jina hili, na mwenye lililo bora atuandikie.