Birika la Zawadi na Swali la Mwenye Duka

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuanzie jikoni kwa shangazi yangu, kule Tanga. Mdogo wangu alimpelekea zawadi ya birika la umeme, jipya kabisa, alilolinunua katika duka moja la hapa Dar es Salaam. Siku ya tisa mpini ulibanduka maji yakiwa yanatokota. Yakammwagikia mapajani na miguuni, akalazwa hospitali wiki tatu.

Mimi ndiye niliyetumwa na ukoo kwenda dukani. Mwenye duka alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Huyo mama ndiye aliyenunua?" Nikamwambia hapana, alipewa. Akasema, "Basi pole sana mzee, lakini mimi na yeye hatuna mkataba."

Nilitoka pale nimefura kwa hasira, nikidhani ule ni ujanja wa biashara tu. Baadaye, katika kudurusu vitabu, niligundua kwamba swali lile lina umri mkubwa kuliko duka lake. Lilipata kuwa sheria.

Mwaka 1842 huko Uingereza, dereva wa gari la farasi lililobeba barua alianguka baada ya gari hilo kuvunjika njiani, akapata kilema. Aliyekuwa na kazi ya kulitunza gari alikuwa amefunga mkataba na mkuu wa posta, si na dereva. Mahakama ikamwambia dereva kwamba hana kesi. Majaji walihofu kuwa wakimfungulia mlango yeye, kila mpita njia aliyeumia naye angeingia, na madai yasingekuwa na mwisho. Basi kwa miaka mingi, ukiacha vitu vichache vya hatari kama sumu, aliyeumizwa na kitu asichokinunua mwenyewe alirudi nyumbani na maumivu yake.

Ukuta huo ulianza kubomoka Marekani mwaka 1916, katika kesi ya gari la Buick ambalo gurudumu lake la mbao lilivunjika. Jaji Benjamin Cardozo wa New York alisema mtengenezaji hawezi kujificha nyuma ya muuzaji.

Lakini kesi iliyotufikia sisi huku ilianzia katika mkahawa wa mji wa Paisley, Scotland, tarehe 26 Agosti 1928. Bibi mmoja, May Donoghue, alinunuliwa kinywaji cha tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi kilichomo. Alipokwisha kunywa sehemu, rafiki akammiminia kilichobaki, na kwa maelezo ya bibi huyo, akatoka konokono aliyeoza. Akaugua. Msikilizaji, nani alilipia chupa? Rafiki. Ni lile lile swali la mwenye duka wangu!

Bibi Donoghue alikuwa fukara kiasi cha kuapa mbele ya mahakama kwamba hana mali, ili akishindwa asibebeshwe gharama. Lakini hakurudi nyuma. Tarehe 26 Mei 1932, Baraza la Malodi mjini London liliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho, awe amenunua au amepewa. Lord Atkin alieleza kwamba jirani yako kisheria ni yule ambaye ulipaswa kumfikiria, kwa kuwa kitendo chako kinaweza kumdhuru. Sheria za Kiingereza zilikwisha kuletwa Tanganyika kwa amri ya mwaka 1920, na hukumu hiyo ya Malodi husomwa na wanasheria wetu hadi leo.

Je, mambo yakaisha hapo? Hayakuisha. Bado mlalamikaji alitakiwa kuonyesha uzembe. Sasa shangazi yangu wa Tanga atajuaje ni nani alisinzia kiwandani siku mpini wake ulipopachikwa?

Wamarekani walilijibu hilo mwaka 1963. Mtu mmoja wa California aliumizwa kichwani na kipande cha mti kilichorushwa na mashine ya useremala ya nyumbani, zawadi ya Krismasi aliyopewa na mkewe. Jaji Roger Traynor akaamua kwamba anayeingiza sokoni kitu chenye kasoro hulipa kasoro hiyo ikimjeruhi mtu, hata bila kuthibitishwa uzembe.

Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya jimbo la Minnesota ikafuata njia hiyo. Mashine ya kufukiza mvuke chumbani kwa watoto ilipinduka usiku, mfuniko ukatoka, na maji ya moto yakamuunguza vibaya binti wa miaka mitatu hivi. Mfuniko ule ulikuwa umewekwa juu tu, hauna hesi. Kijitabu kilisema mashine ni salama kuachwa ikifanya kazi usiku kucha, na hali kampuni ilikwisha kupata habari za watoto wengine walioungua vivyo hivyo. Fidia ya dola 150,000 iliyoamuliwa na baraza la wazee wa mahakama ikarudishwa. Hesi ya mfuniko, msikilizaji, ingegharimu kiasi gani?

Nchi za Ulaya zilikubaliana juu ya kanuni kama hiyo mwaka 1985. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya fidia kwa madhara ya bidhaa mbovu. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inagusa usalama wa bidhaa na wajibu wa watengenezaji.

Kwa hiyo mwenye duka wangu alikuwa amechelewa miaka mingi. Lakini nami nina la kukiri. Nilipopata ujasiri wa kurudi kudai jina la kiwanda, nilimpigia shangazi simu anipelekee lile birika. Akaniambia, "Mwanangu, kitu kilichoniunguza nikiweke ndani cha nini? Tulilitupa jalalani siku ile ile." Stakabadhi nayo mdogo wangu hakuwa nayo.

Haki ya shangazi ilikuwepo. Ushahidi wake ulikuwa jalalani. Kitu kikikuumiza, msikilizaji, kiweke, na boksi lake, na risiti yake. Bibi wa Paisley aliitafuta haki yake kwa miaka zaidi ya mitatu. Sisi tulishindwa kuitunza kwa siku moja.