Blackpool: Mji wa Bahari Uliojengwa na Juma Moja la Mapumziko

Waulize wazee waliokulia katika miji ya pamba ya Uingereza kama Bolton, Oldham au Burnley katika miaka ya 1950 wanakumbuka nini cha utotoni, na wengi watakutajia mnara. Treni ya Blackpool ilipokaribia pwani, watoto walibanana dirishani wakishindana nani atauona kwanza, na mshindi alipewa sarafu na mzazi wake. Kumbukumbu za namna hiyo huchukuliwa kuwa za burudani tu. Mimi naziona kuwa ushahidi wa jambo kubwa: namna watu wa viwandani walivyojipatia haki ya kupumzika, na mji mzima ukasimama juu ya haki hiyo.

Blackpool iko kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ikitazamana na Bahari ya Ireland. Katika karne ya 18 palikuwa na nyumba chache, na wageni wake walikuwa watu wenye nafasi waliokuja kuoga maji ya chumvi wakiamini ni dawa. Reli ilipofika mwaka 1846, bahari iliwasogelea watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona, yaani wasokotaji na wafumaji wa pamba wa jimbo la Lancashire.

Kila mji wa pamba ulikuwa na juma lake la mapumziko, lililotokana na sikukuu ya kale ya kanisa la mahali. Juma hilo likifika, mitambo ilizimwa, moshi ukapungua angani, na mtaa mzima ukahamia ufukweni, majirani wakikutana tena kwenye mchanga. Miji ilipokezana tangu Juni hadi Septemba, kwa hiyo mmoja ukiondoka, mwingine ulikuwa njiani. Blackpool ikapata wateja msimu mzima.

Lakini kwa wengi juma hilo halikuwa na mshahara. Familia zilidunduliza senti mwaka mzima katika vyama vya akiba vya kiwandani, kisha zikazitumia kwa siku chache. Sheria ya likizo yenye malipo ya mwaka 1938 ndiyo iliyofungua njia ya kuifanya likizo hiyo kuwa jambo la kawaida. Tukumbuke pia watoto wenyewe walikuwa akina nani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto wa Lancashire wa miaka 12 aliweza kufanya kazi kiwandani nusu siku na kusoma nusu siku. Utaratibu huo ulifutwa kwa sheria ya elimu ya mwaka 1918. Mtoto wa aina hiyo alipokimbia pwani akiwa na ndoo na koleo dogo, alikuwa mfanyakazi aliyepewa ruhusa ya kuwa mtoto.

Utoto huo ulikuwa na uwanja wake, nao ni njia pana ya matembezi kando ya bahari, iliyofunguliwa mwaka 1870 na kupanuliwa kati ya 1902 na 1905. Bahari ya Ireland hujaa na kupwa kwa kiasi kikubwa. Maji yakipwa, mchanga hutandaa mbali, pakawa na nafasi ya punda wa kupandwa na viti vya turubai. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, ufukwe humezwa na watu wote hupanda juu ya ukuta. Hapo ndipo umati ulipokutana.

Nyumba za kulala wageni nazo ziliwasukuma watu huko. Mama mwenye nyumba alikuwa na sheria zake: baada ya kifungua kinywa, wageni watoke, wasirudi hadi saa ya chakula, mvua inyeshe au jua liwake. Baadhi walitoza hata matumizi ya chumvi na siki mezani. Ndiyo maana kumbukumbu nyingi za Blackpool zina upepo na mvua, familia ikiwa imejikunyata kwenye vibanda vya kando ya njia, watoto wakitafuna kijiti cha peremende chenye jina la mji lililopenya tangu ncha hadi ncha.

Tabaka zilionekana hata juu ya maji. Gati la kaskazini, lililofunguliwa mwaka 1863 kwa usanifu wa Eugenius Birch, lilitoza kiingilio na kupendwa na wenye nafasi. Gati la kati, la mwaka 1868, likawa la wafanyakazi na dansi zao. Njia ya ufukweni haikutoza kitu. Baba aliyekwisha kumaliza akiba yake Jumatano bado aliweza kuwatembeza wanawe Alhamisi.

Na palikuwa na mengi ya kuona. Mwaka 1879 taa za umeme ziliwashwa ufukweni, wakati ambapo nyumba nyingi za Uingereza zilitumia gesi au mafuta. Mwaka 1885 ikaanza tramu ya umeme. Mnara wa mita 158, uliobuniwa kwa kuiga ule wa Eiffel, ulifunguliwa mwaka 1894. Mapambo ya taa yalianza mwaka 1912 kwa balbu 10,000, Vita vya Kwanza vya Dunia vikayakatiza, yakarudi mwaka 1925. Yalizimwa tena mwaka 1939, na mji ukasubiri hadi 1949 kuyaona. Kusudi lake lilikuwa la kibiashara, kurefusha msimu hadi vuli, ila kwa mtoto aliyetoka mtaa wa masizi yalikuwa ajabu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sehemu katika habari hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 pamba ya Uganda ilishushwa kwa reli hadi Mombasa na kuvushwa bahari kwenda Uingereza, kwenye viwanda hivyohivyo vya Lancashire. Mkulima aliyeichuma hakuwa na juma la likizo. Haki iliyopatikana upande mmoja wa uzi haikufika upande wa pili.

Baada ya miaka ya 1960, viwanda vya pamba vilizidi kufungwa na ndege za bei nafuu zikawachukua wageni kwenda Hispania. Leo Blackpool imo miongoni mwa maeneo maskini zaidi ya Uingereza, ingawa ukuta wa bahari umejengwa upya na tramu bado zinapita. Anayetaka kuuelewa mji huo asianzie kwenye umaskini wake. Aanzie kwa wafumaji waliodai siku chache za kupumua, kwa sheria zilizowaondoa watoto viwandani, na kwa njia ya umma ambayo hakuna aliyelipishwa kuikanyaga. Mambo hayo matatu yalidaiwa na kujengwa na watu, na kila kizazi kina wajibu wa kuyalinda.