Mvua ya Januari na Kalenda ya Mihula: Habari kutoka Mkwajuni

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba makala ya historia kwa ajili ya toleo la mkutano wetu wa mwaka huu, nadhani alitazamia nieleze habari za wakuu wa shule waliopita, mashindano ya mpira na wenzetu waliopata vyeo. Wapo wanaoyajua hayo kuliko mimi. Mimi nilishika chaki tangu mwaka 1983 hadi nilipostaafu mwaka 2022, na katika muda wote huo kitu kilichonisumbua kuliko vingine vyote kilikuwa ni karatasi moja, yaani kalenda ya mihula. Naomba basi niieleze historia ya karatasi hiyo kama ilivyoonekana kutoka kwetu Mkwajuni.

Kwa ndugu waliokuja shuleni kutoka Njombe, Iringa au Mbeya mjini, Mkwajuni lilikuwa jina tu la kuchekea pale tulipotetemeka kwa baridi ya asubuhi. Wakati ule ilikuwa katika wilaya ya Chunya, mkoa wa Mbeya. Ni tangu mwaka 2016, ulipoanzishwa mkoa wa Songwe, ndipo ikawa makao makuu ya wilaya ya Songwe. Ni nchi ya upande wa bonde la Ziwa Rukwa, yenye joto, mahindi, ufuta na dhahabu. Wazee wetu walifanya kazi katika mgodi wa Saza mpaka ulipofungwa mwaka 1956. Mto Songwe wa kwetu, unaomwaga maji yake Rukwa, wengi huuchanganya na ule wa mpakani na Malawi, unaokwenda Ziwa Nyasa. Ni mito miwili mbalimbali, na mwalimu wa jiografia asiyelijua hilo tulimcheka kimyakimya.

Jambo la kushika ni hili. Pwani na kaskazini kuna vuli na masika. Kwetu mvua ni moja tu. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikaendelea hadi Aprili, na Januari ndipo inapokuwa katikati ya nguvu zake. Na Januari ndipo shule zinapofunguliwa.

Mwaka wa masomo wa Januari hadi Desemba tuliurithi kutoka kwa Waingereza. Mtihani wa Cambridge ulifanyika mwishoni mwa mwaka, na masomo yote yalihesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya mtihani. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza letu la Mitihani likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Maswali yakawa yetu, wasahihishaji wakawa wetu, lakini kidato cha nne waliendelea kuketi mwishoni mwa mwaka kama zamani, na kidato cha kwanza wakaendelea kusafiri na masanduku yao ya bati wakati makorongo yamejaa.

Kila mmoja wetu anakumbuka Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, kwa sababu tulishikishwa jembe kwa jina lake. Wachache wanakumbuka kwamba ndani ya kijitabu kile Mwalimu Nyerere aligusia pia suala la likizo. Alisema kwamba shamba la shule na mifugo haviendi likizo, kwa hiyo madarasa yangeweza kwenda kwa zamu badala ya wote kuondoka siku moja. Tena alikiri kwamba mpango huo utahitaji kazi ya utawala, lakini hakuona sababu ya kushindikana watu wakiamua. Nilipokisoma tena baada ya kustaafu nilikaa kimya muda mrefu. Maana yake ni kwamba mkuu wa nchi mwenyewe hakuiona kalenda kuwa ni msahafu. Shuleni kwetu, ndugu watakumbuka, wazo hilo lilifanyika kwa namna moja tu: vijana sita walibaki kulisha nguruwe. Hata hivyo, yeye alikuwa akifikiria palizi na ng'ombe. Kijana aliyekwama ng'ambo ya mto hayumo katika ukurasa ule.

Sasa niseme la kwangu. Nilianza kidato cha kwanza mwaka 1976. Tulikuwa wawili kutoka Mkwajuni, mimi na mwenzangu tuliyesoma naye tangu darasa la kwanza, na yeye katika hesabu alikuwa mbele yangu, wala si kwa kidogo. Januari 1977 tulikuwa tunarudi kuanza kidato cha pili. Tulipanda lori la mahindi siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, tukidhani tumejipa nafasi ya kutosha. Lori lilikwama kwenye korongo la kwanza. Tulilala chini ya turubai siku tatu, tukila mahindi ya kuchoma ya mwenye lori, ambaye siku ya pili alianza kuyahesabu.

Siku ya nne maji yalipungua hadi kifuani. Vijana wa kijiji cha karibu walikuwa wakivusha mizigo kichwani, shilingi tano kwa sanduku, na bei hiyo haikupungua kwa mwanafunzi. Mimi nilikuwa nazo shilingi saba alizonipa baba mdogo. Mwenzangu hakuwa na kitu zaidi ya waranti ya safari, na waranti haivushi mtu korongo. Aliniambia, "Tangulia, ndugu yangu. Ukifika mwambie mwalimu wa zamu niko njiani." Nikavuka.

Nilifika shuleni Ijumaa, jioni, suruali ikiwa imekauka kwa matope. Mwalimu wa zamu, ambaye sitamtaja kwa kuwa alifanya kama walivyofanya wote siku zile, aliuliza kwa nini nimechelewa. Nikasema mvua. Akasema mvua imenyesha hata Mbeya na wa Mbeya wamefika. Nikapewa kisiki cha kung'oa. Nilikuwa nikiogopa kwamba nikitaja na mtu wa pili nitaonekana tumepanga uongo. Kwa hiyo sikutaja. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho nilikuwa kwenye kisiki.

Mwenzangu aliingia wiki mbili baadaye. Akaambiwa arudi akamlete mzazi. Aliondoka siku mbili kabla ya Februari 5, siku kilipozaliwa Chama Cha Mapinduzi. Nakumbuka vizuri kwa sababu sisi tuliobaki tulikuwa uwanjani tukifanya mazoezi ya gwaride na nyimbo, na yeye alipita kando ya uwanja na sanduku lake begani. Njia ya kwetu ilifunga tena mwezi huo. Alipopata kurudi na baba yake, mwezi Machi, jina lake lilikuwa limekwisha kukatwa kwa wino mwekundu: mtoro.

Miaka sita baadaye nami nikawa mwalimu wa shule ya msingi, huko huko bondeni, na daftari la mahudhurio likawa mkononi mwangu. Elimu kwa wote, iliyoazimiwa Musoma mwaka 1974 na kukamilishwa Novemba 1977, ilikuwa imejaza madarasa yaliyojengwa na wanavijiji wenyewe. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, wala sitaki vijana wa leo waidharau. Lakini darasa la miti na udongo likinyeshewa wiki mbili huanza kuinama, na darasa la bati, ambalo kila kijiji kililitamani, lina tatizo lake: mvua ikipiga, mwalimu hasikiki hata na mtoto wa dawati la mbele. Saa mbili za mvua ni saa mbili za kuandika ubaoni na kunyamaza. Aidha, Januari na Februari ni wakati wa palizi, na baadaye ndege wakishuka kwenye mpunga watoto ndio walinzi. Nilijua yote hayo. Hata hivyo, katika miaka yangu ya mwanzo niliweka alama ya utoro kwa kila asiyekuwapo, bila kuuliza anatoka upande gani wa mto, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na mkaguzi alipenda daftari safi.

Aliyenibadilisha ni El Niño. Mvua za mwaka 1997 kuingia 1998 zilibomoa barabara na madaraja sehemu nyingi za nchi, na nadhani kila msomaji ana lake la kusimulia. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu. Asubuhi moja ya Januari niliona watoto wameshikana mikono mlolongo mmoja wakivuka maji ya kahawia, mkubwa mbele, na mdogo wa darasa la pili katikati akinyanyuliwa na mkondo. Walivuka wote. Siku hiyo hiyo nilifunga shule kwa siku sita bila kibali cha mtu. Nililetewa barua ya kutakiwa kujieleza, nikajieleza kurasa mbili, nikapewa onyo. Onyo hilo ninalo nyumbani kabatini, pamoja na vyeti.

Mwenzetu mmoja aliyesoma Marekani alipata kunisimulia jinsi wanavyofanya huko vijijini, katika majimbo ya kaskazini ambako Januari ni mwezi wa theluji kama kwetu ulivyo wa mvua. Katika kalenda ya mwaka huwekwa siku kadhaa za akiba. Kabla hapajapambazuka, mkuu wa elimu wa eneo lile hupata habari za barabara. Akiona magari ya shule hayawezi kupita, hutangaza kufunga, au hutangaza kwamba leo masomo yataanza saa mbili baadaye, na redio husoma majina ya shule moja baada ya nyingine. Siku zikizidi akiba, hufidiwa mwezi Juni. Nilimuuliza, mtoto huyo anaandikwaje daftarini? Haandikwi mtoro, alisema, siku yenyewe haikuwapo. Jibu hilo sijalisahau.

Kwetu kalenda imebadilishwa mara nyingi, lakini angalieni sababu zake. Kidato cha sita walikuwa wakifanya mtihani wao wa mwisho Februari, katikati ya mvua, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013; tangu 2014 ukahamia Mei. Kwa watoto wa nyanda za juu kusini na mabonde yake ilikuwa nafuu kubwa, ingawa katika maelezo yote niliyoyasikia mvua haikutajwa. Likaja gonjwa la korona. Shule zilifungwa Machi 17, 2020. Kidato cha sita wakarudi Juni 1, na wengine wote Juni 29, siku ile ile ulipoanza mtihani wa kidato cha sita uliokuwa umepangwa kuanza Mei 4. Mwaka 2022 mihula ikasogezwa tena kupisha sensa ya Agosti 23. Sina ugomvi na mabadiliko hayo. Nayataja kwa kuwa miaka 30 nzima niliambiwa tarehe haziguswi, kisha nikaona zinaguswa kwa waraka mmoja. Wenzetu wa Kenya waliahirisha kufungua shule kwa sababu ya mafuriko waziwazi: Aprili 29, 2024 ikasogezwa, na watoto wakaingia darasani Mei 13. Mwezi huo huo wa Aprili udongo wa mlima Kawetire uliporomoka hadi Itezi, Mbeya mjini, ukafukia nyumba na majengo ya shule. Kwa hiyo hata wa Mbeya sasa wanajua.

Wapo watakaosema mambo ya mwanafunzi kukwama njiani yalikwisha pamoja na mabweni na waranti. Kinyume chake. Enzi zetu korongo lilikuwa shida ya mara mbili au nne kwa mwaka. Tangu mpango wa maendeleo ya sekondari wa mwaka 2004 uzieneze shule za kata, vijana wengi wanasoma kutwa, na anayekaa ng'ambo analikuta korongo asubuhi na jioni. Vyumba vya madarasa 15,000 vilivyojengwa kwa fedha za kupambana na UVIKO mwaka 2021, vikiwamo 3,000 vya shule shikizi, vimewapunguzia mwendo wengi, hasa wadogo. Maoni yangu, ambayo niliyatoa kikaoni mara mbili kabla ya kustaafu, ni kwamba kila wilaya yenye mvua moja ipewe siku kumi za akiba kati ya Januari na Aprili, na mwalimu mkuu aruhusiwe kuzitumia kwanza na kutoa taarifa baadaye. Mara ya kwanza yaliandikwa katika muhtasari. Mara ya pili hayakuandikwa.

Mwenzangu alilima, akachimba dhahabu, akaoa, akasomesha. Tulisalimiana kila nilipokwenda nyumbani, na yeye aliniita mwalimu, si kwa kejeli. Nilimweleza habari ya mwalimu wa zamu mwaka 2009, tukiwa tumekaa nje kwake mvua imekatika kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kile kisiki nilimaliza kuking'oa au la. Nikamwambia sikumaliza. Akacheka sana. Alifariki mwaka 2011.

Katika toleo lililopita la jarida hili ilichapishwa orodha ya darasa lililoingia mwaka 1976. Jina lake halimo, kwa kuwa orodha ilinakiliwa kutoka kwa waliomaliza mwaka 1979. Nimezungumza na mjane wake, naye ameridhia. Jina kamili nimempelekea Ndugu Mhariri kwa barua ya pembeni, pamoja na namba yake ya bweni, ili liingizwe katika toleo lijalo mahali pake, baada ya jina langu kwa alfabeti.