Nani Aliyekichonga? Nairobi na Sanaa za Mashinani

Nairobi mtu akikuambia "tukutane Archives", hana haja ya kueleza zaidi. Ni pale Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya na steji ya Ambassadeur, mbele ya jengo la kale ambalo zamani lilikuwa benki ya wakoloni. Maelfu hungojana pale nje kila wiki: wapenzi, mawakala wa mashamba, wahubiri wenye vipaza sauti, wanafunzi walioshuka matatu ya kwanza. Wanaovuka mlango ni wachache. Ndani, ghorofa ya chini, kuna vigoda, ngao, mikufu, vinyago, nguo na ala za muziki kutoka Kenya na pembe nyingine za Afrika, hadi Nigeria na Kongo.

Nenda ukasome vibao. Vingi vitakutajia jamii, nchi na matumizi ya chombo. Jina la aliyekichonga, kukifinyanga au kukisuka ni nadra sana kuliona. Na huo ndio mkasa mzima wa kazi ya kukusanya sanaa za asili katika mji huu: tumehifadhi vitu vingi mno, na watu wachache mno.

Mkusanyo huo ni wa Joseph Murumbi. Alizaliwa mwaka 1911, baba Mgoa mfanyabiashara na mama Mmaasai, akasomeshwa India. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, aliishi uhamishoni London, ambako aliwahi kufanya kazi katika ubalozi wa Morocco, na ni huko ndiko ugonjwa wa vitabu na vitu vya Afrika ulipomshika. Uhuru ulipokuja akawa waziri, na mwaka 1966 akamrithi Jaramogi Oginga Odinga kama makamu wa rais. Hakukaa. Katika muda usiofika mwaka alikuwa ameacha siasa, na wengi husema kuuawa kwa rafiki yake Pio Gama Pinto mnamo Februari 1965 kulimvunja moyo kabisa. Leo wote wawili wamezikwa City Park, hatua chache kati yao.

Aliyempa Murumbi mshirika ni jangwa. Mmarekani Alan Donovan, aliyekuwa amekwenda Nigeria kwa shughuli za misaada wakati wa vita vya Biafra, alifika Kenya mwaka 1970 na kuelekea Turkana. Alirudi Nairobi na shehena ya vyombo vya Waturkana, akafanya maonyesho, Murumbi akatokea na kumwomba amkusanyie vyombo kama hivyo. Mwaka 1972 wawili hao, pamoja na Sheila, mke wa Murumbi, walianzisha African Heritage. Duka na jumba lao la sanaa lilikuwa Kenyatta Avenue, na kwa miaka mingi hapo ndipo mgeni mwenye pesa alipoipata Afrika yote kwa mkupuo: vito, nguo, maonyesho ya mavazi, hata bendi iliyobeba jina la duka, ambamo marehemu Ayub Ogada alipiga muziki kabla ya kujulikana ng'ambo. African Heritage ilifungwa mwaka 2003. Donovan alifariki mwaka 2021.

Chukua kitu kimoja tu katika vile vya Turkana, ekicholong. Ni kigoda kidogo kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti, chenye ukanda wa ngozi wa kukibebea. Mzee hukikalia mchana akiangalia mifugo, na usiku hukiweka chini ya shingo ili nywele zake zilizopambwa kwa udongo zisiharibike. Mbao yake hung'aa kwa mafuta ya mwili wa mtu mmoja aliyekitumia miaka nenda miaka rudi. Kukipima, kukipiga picha na kuandika "Waturkana, kigoda cha kichwa" ni kazi ya dakika kumi. Kuuliza ni nani aliyekichonga, alijifunza kwa nani, na kwa nini hiki kina mguu mmoja na kile kina miwili, hiyo ni kazi ya kukaa bomani kwa watu, kunywa maziwa na kusubiri.

Simlaumu Murumbi. Vitu vingi vilimfikia vikiwa vimepita mikono ya wachuuzi, na jina la fundi lilikuwa limeshadondoka njiani. Kama si yeye, vingekuwa vimesambaa majumbani kwa watu Ulaya na Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliamua mkusanyo wake ubaki Kenya, serikali ikaununua, ingawa wateja wa nje walikuwepo. Nyumba yake ya Muthaiga, iliyokusudiwa kuwa kituo cha utafiti wa Afrika, haikunusurika, ilibomolewa. Sehemu nyingine ya vitu vyake iko Nairobi Gallery, ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa mwaka 1913 pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, ambako wazee wa mji huu walikuwa wakiandikisha vizazi, ndoa na vifo.

Mtindo wa kukusanya bila majina ni wa tangu ukoloni. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimwagiza Joy Adamson achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi, kwa hofu kwamba mavazi hayo yangetoweka. Alizunguka nchi kwa miaka, akachora mamia ya picha. Baadhi ziko Makumbusho ya Taifa, nyingine Ikulu. Ni kazi ya jicho kali: kila shanga ipo mahali pake. Lakini lengo lilikuwa kupata mfano wa kabila. Nani aliyezitunga shanga hizo halikuwa swali la serikali.

Fundi aliyebahatika kubaki na jina ni Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani. Alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akaonana na wachongaji wa huko, akarudi nyumbani na ufundi uliozaa biashara yote ya vinyago vya Wakamba, ile iliyofika hadi Gikomba na kwenye maduka ya mjini. Anakumbukwa kwa sababu wanafunzi wake walimtaja, na watafiti waliokuja baadaye kuichunguza biashara hiyo wakaandika walichoambiwa.

Upande wa muziki, mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Rhodesia Kusini akiwa kijana, alipita Kenya na mitambo yake ya kunasa sauti. Huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, alirekodi wasichana wakiimba kuhusu Chemirocha. Ndivyo jina la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, lilivyogeuka baada ya santuri zake kufika vijijini. Mabinti wale walimwaza kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Wimbo huo ulizunguka dunia. Tracey alikuwa na kasoro zake, ikiwemo kuamua mwenyewe muziki upi ni wa asili na upi umechafuka. Hata hivyo, kwenye kumbukumbu zake aliandika mahali, mwaka, na jina la aliyeongoza uimbaji: Chemutoi Ketienya.

Mistari hiyo mitatu ilifanya kazi zaidi ya miaka 60 baadaye. Maktaba aliyoiacha Tracey nchini Afrika Kusini ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, shirika la Tabu Osusa lililokuwa na studio katika kituo cha sanaa cha GoDown, Dunga Road, kurudisha nakala za nyimbo kwa wenyewe kuanzia mwaka 2014. Walifika vijijini na orodha ya majina, wakauliza, na wakawapata wazee waliokuwa wamerekodiwa wakiwa vijana. Bila orodha, wangeuliza nini? "Mnawajua wasichana fulani wa Kikipsigis?"

Ketebul wenyewe walikuwa wameshaonja kazi hiyo. Mwaka 2008 walitoa kitabu, santuri na filamu kuhusu chimbuko la muziki wa benga, baada ya kuwafuata wapiga magita waliokuwa wakirekodi River Road na kurudi nyumbani mikono mitupu. Tangu mwaka 2011, katika mradi wa Singing Wells, wamekuwa wakibeba studio nzima hadi chini ya mti, wakinasa sauti na picha pale pale ambapo muziki unapigwa.

Kisa kinachoniudhi zaidi kila Mkenya anakiimba. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki 5, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliandaa wimbo wa taifa kwa lahani ya wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo wa Tana River. Majina ya kamati yamo kwenye kumbukumbu. Mzee Meza Moroa Galana, anayetajwa kuwa ndiye chanzo cha lahani ile, aliishi kwa miongo mingi bila taifa kumjua. Watoto walifundishwa shuleni kwamba ni wimbo wa Wapokomo, na hapo somo likaisha, kana kwamba kabila zima lilikaa siku moja likatunga kwa pamoja.

Mabadiliko ya kweli yalianzia kwa wasomi wa Chuo Kikuu. Mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba walitaka Chuo Kikuu kiifanye fasihi ya Kiafrika kuwa kitovu cha masomo, fasihi simulizi ikiwemo. Mwaka 1970 ikazaliwa Taasisi ya Taaluma za Afrika, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Profesa Bethwell Ogot, na Okot p'Bitek akawa miongoni mwa watafiti wake. Wanafunzi walianza kwenda likizo na vinasa sauti, wakirudi na ngano za nyanya zao. Mtahini hakukubali ngano isiyo na msimulizi: jina, umri, kijiji, ilisimuliwa saa ngapi na mbele ya nani. Sharti hilo dogo la mtihani liliweka majina ya akina nyanya wengi kwenye karatasi kuliko maonyesho yote ya mjini.

Ufundi wa mikono ulichelewa kupata heshima hiyo. Kitabu cha Jane Barbour na Simiyu Wandibba kuhusu vyungu na wafinyanzi wa Kenya kilitoka mwaka 1989, na ndani yake mfinyanzi ana mikono: anachimba udongo wapi, anauchanganya na nini, anaanza chungu kwa kitako au kwa mdomo, anachoma mahali pa wazi kwa nyasi na kuni bila tanuri, na nani haruhusiwi kukaribia. Kiondo nacho kinastahili kitabu cha namna hiyo. Pitia soko la Maasai mjini mwisho wa wiki uone vilivyopangwa. Mama mmoja alisokota uzi wa katani juu ya paja lake, akaanza kitako, akazunguka na kuzunguka hadi mdomoni. Kikaja mjini, fundi wa ngozi akakitia mikanda na zipu. Muulize muuzaji kimesukwa na nani. Atakuambia Machakos.

Sheria sasa ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge lihakikishe jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, inayotaka kaunti ziweke rejista. Inaitambua jamii kama mwenye mali, pamoja na mtu aliyekabidhiwa na jamii. Mpaka afisa wa utamaduni apate gari, mafuta na muda wa kukaa na wazee, rejista hizo zitajazwa na watu walioko ofisini.

Anayedhani majina ni pambo asikilize habari ya vigango. Kigango ni nguzo ya mbao ambayo Mijikenda humchongea marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha gohu, ikishasimikwa haihamishwi. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy akiwa kwenye mkutano wa wasomi Marekani aliona kimojawapo kwenye picha ya mkusanyo wa huko. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Yeye na wenzake walikuwa na picha, tarehe na jina la mwenyewe. Makumbusho ya jimbo la Illinois yalikubali kukirudisha kile cha kwanza mwaka 2006, na mwaka 2007 kikapokewa na familia kijijini. Mzee Kalume alikuwa ameshafariki.

Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo yaliamua kurejesha vigango vyao, 30 kwa jumla, vilivyotoka kwa wafadhili walionunua kwa wachuuzi. Hapakuwa na picha ya boma wala daftari la mtafiti. Ilibidi vikabidhiwe Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema kila kimoja kilisimikiwa nani, na ni familia gani ingeitwa kukipokea.