Bendi Zisizokuwa na Mwajiri

Anayetafuta bendi za panki Utemini, hapa Singida mjini, atazunguka mpaka Ziwa Singidani na kurudi mikono mitupu. Nasema panki ya muziki, si ya nywele. Lakini akiacha kutafuta makoti ya ngozi na pini za mashavuni, akauliza ni lini vijana wasio na kitu nchini walishika vyombo vibovu wakapiga muziki wao bila kumwomba mkubwa ruhusa, jibu lipo. Ni mchiriku wa Dar es Salaam, na huku bara tuliujua kwa njia ya kaseti.

Kabla ya mchiriku, la kuuliza kuhusu bendi yoyote lilikuwa vyombo ni vya nani. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa chini ya umoja wa vijana wa chama tawala, na Mlimani Park, iliyozaliwa 1978, ikabeba jina la DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa, ana mshahara, na gitaa lenyewe halikuwa lake. Akigombana na uongozi aliondoka na vidole vyake tu, ndiyo maana wanamuziki wa zama zile walihamahama sana kutoka bendi hii kwenda ile. Sizibezi bendi hizo. Muziki mtamu kuliko ule sijausikia. Ila gitaa la ofisi lina adabu ya ofisi.

Waliotaka kelele za aina nyingine walikiona. Oktoba 1968 umoja wa vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikapigwa marufuku. Novemba mwaka huohuo ikafuata zamu ya muziki wa soul jijini Dar es Salaam. Hata hivyo vijana wa magitaa ya umeme hawakwisha. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyochanganya roki, soul na midundo ya kwetu, ilitoa santuri yake ya *Ave Africa* mwaka 1976, na ikabidi iende kuirekodia Zambia. Jirani zetu wa Dodoma walimtoa Patrick Balisidya, ambaye Afro 70 yake ilionyesha kwamba mtu aliyezaliwa Ugogo anaweza kuchota kwao na bado akapiga muziki wa kisasa. Lakini hao wote walihitaji magitaa, ngoma za kizungu na vikuza sauti, na vitu hivyo vilikuwa ghali kuliko mshahara wa mtu.

Miaka ya themanini mambo yaligeuka. Mwaka 1983 ilitungwa sheria iliyozaa operesheni ya Nguvu Kazi. Waliokutwa mjini bila kazi inayotambulika walikamatwa na kurudishwa vijijini. Mwaka 1985 akaingia Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, na mwaka uliofuata serikali ikatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bidhaa zikaanza kumiminika. Pamoja na mitumba na redio kaseti vikaja vinanda vidogo vya Casio, vya kujifunzia au vya kuchezea watoto huko vilikotoka. Kijana wa Mwananyamala, Dar es Salaam, ambaye jana aliitwa mzururaji sasa angeweza kumiliki bendi nzima, au kuchangiana na wenzake wakaimiliki.

Kinanda hicho kilikutana na ngoma zilizokuwapo tayari: ngoma za Wazaramo, ambao jiji liliwakuta palepale, na chakacha ya pwani iliyokuwa ikichezwa kwenye harusi na shughuli za kumtoa mwali. Mpigaji anachukua Casio, anaiunganisha kwenye kikuza sauti kisichostahili mzigo huo, kisha sauti inatokea kwenye spika za honi, zilezile za kutangazia mikutano. Inatoka imekwaruza, imepasuka, kali kama nyuki waliochokozwa. Fundi wa studio angeiita hitilafu. Mtaani ndiyo ilikuwa ladha yenyewe, na haikuwa bahati mbaya tu: kwenye uwanja wa wazi wenye watu mia kadhaa, sauti laini haifiki. Pembeni kuna ngoma tatu nne, manyanga, na katika kundi la Jagwa Music mtu anayecharaza kigoda cha mbao kwa fimbo mbili kwa kasi ya kutisha. Mbele yao mwimbaji, kipaza sauti kimegusa meno, anakesha hivyo mpaka alfajiri.

Jagwa walitoka Mwananyamala mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kulikuwa na Gari Kubwa, Night Star, na Atomic Advantage, jina ambalo hata leo linanichekesha kwa ujasiri wake. Nyingi zilijiita Musical Club, heshima ya karatasi iliyobandikwa kwenye kundi lisilo na ofisi. Waliimba kuhusu ukimwi, bangi, ushirikina, wake wa watu, makondakta wa daladala na njaa ya mwisho wa mwezi. Waungwana waliwaita wahuni, na redio kwa sehemu kubwa ziliwapita kana kwamba hawapo. Si hoja kwamba kila walichoimba kilikuwa safi. Hakikuwa.

Januari 1977 huko Manchester, kundi la Buzzcocks lilichapisha santuri yake ya *Spiral Scratch* bila kampuni, nakala elfu moja za mwanzo kwa fedha za kukopa. Wanahistoria wa panki wa Uingereza huutaja mwezi huo kwa heshima kubwa. Kwa mchiriku kaseti ilifanya kazi hiyohiyo bila sherehe. Ilirekodiwa, ikadurufiwa, ikauzwa Kariakoo, ikadurufiwa tena na kila mwenye redio ya matundu mawili, ikapanda basi la bara. Njia ya Manyoni kuja Singida miaka ile ilikuwa bado ya vumbi. Kaseti ilifika imechoka, ikafika kwa watu ambao hawakujua Mwananyamala iko upande gani.

Mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa *Bongo Hotheads* ya Jagwa Music, na wazungu wakawaalika kwenye matamasha yao wakiwalinganisha na panki. Wakati huo mtaani kinanda kilikuwa kimeanza kuipisha kompyuta. Singeli ilishika kasi ya mchiriku na kuizidisha, na studio ya Sisso, kule Mburahati, ikaingia kwenye ramani ya dunia pale Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa *Sounds of Sisso* mwaka 2017. Nairobi nako wapo Crystal Axis, wenye magitaa na wanaojiita panki bila kigugumizi. Nawapenda, lakini ukoo wao ni mwingine. Bodaboda wa Utemini anayefungulia singeli kwenye spika yake ni mjukuu wa Casio, awe anajua au hajui.

Linaloniudhi ni kumbukumbu. Bendi zenye mwajiri ziliitwa studio za Radio Tanzania, zikarekodiwa, na tepu zao zimehifadhiwa. Mtafiti anaweza kuomba kusikiliza Mlimani Park. Bendi za mchiriku hazikuitwa. Kumbukumbu yao imo kwenye kaseti zilizodurufiwa mara kumi, nyingi zikiwa bila tarehe wala majina ya wapigaji, na utepe wa kaseti huharibika kwa joto na vumbi. Makumbusho yanayokusanya vinu na mikuki yanaweza kuanza na mambo mawili yasiyo na gharama kubwa: kununua kaseti hizo zinapouzwa na vyombo chakavu, na kuwahoji wapigaji ambao sasa wana umri wa miaka hamsini na ushei, kinanda kikiwa mezani mbele yao ili waonyeshe walikipigaje.